Mkwe wa Gambuti

Kule mlimani, juu ya Mununga, hakuna aliyevaa gambuti isipokuwa Guylain. Wenyeji walitembea peku au kwa kandambili, wakijua pa kukanyaga na pa kuruka. Yeye, mzaliwa wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru, aliogopa nyoka kuliko alivyoyaogopa mawimbi ya ziwa hilo, na alikuwa ameapa kwamba hatavua gambuti zake mpaka arudi ziwani. Ya kulia ilikuwa imetoboka kisiginoni. Maji yaliingia, kutoka hayakutoka, na kila akipiga hatua ikalia: kwachu, kwachu, kwachu. Mbwa wa pale hawakujisumbua hata kumbwekea. Walimjua kabla hajatokeza.

"Mukwe, toa ile mabote," baba mkwe wake, mzee Kaoma, alimwambia mara tu alipofika. "Nyoka yenyewe inakusikia toka mbali. Itakuya kuangalia hii ni nyama gani."

"Acha tu, tata. Miguu yangu haijayazoea majani."

Kaoma alicheka mpaka akafuta machozi. Ujanani alikuwa akivusha muhogo kwenda kuuza Kilwa, akarudi na Kiswahili ambacho hakikumtoka tena, na mkewe naye alikipata kwa Wakongomani wa sokoni Kashikishi. Ndiyo maana nyumba ile, katikati ya nyumba zinazosema Kibemba na kudokoa Kiswahili kidogo tu, ilimsemesha mkwe kwa lugha yake.

Guylain alikuwa amepanda huko mwezi wa Desemba, uvuvi ulipofungwa kama kila mwaka ili samaki wazae. Mtumbwi wake aliuacha Kashikishi, umefunikwa kifudifudi mchangani. Mke wake, Mwiche, ndiye aliyesema: badala ya kukaa huku Nchelenge kando ya ziwa kupiga miayo, twende kwetu ukawalimie wazazi. Desturi yao inataka hivyo. Mwanamume akioa, huwatumikia wakwe zake kwa jembe na shoka, na Guylain tangu aoe alikuwa akituma samaki wakavu tu, jasho lake hawajaliona. Basi akaenda, na haki yake apewe, hakuwa mvivu. Alilima, alipasua kuni, alijenga upya zizi la mbuzi. Asubuhi alisimama uani na jembe begani, mawingu yakiwa chini yake badala ya juu, na yalipopasuka akaliona ziwa kule mbali, akashusha pumzi kama mtu aliyeona nyumba ya mama yake.

Jambo moja tu lilimkaba koo, nalo ni mama mkwe.

Kwa watu wa kule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani. Hawali pamoja, hawasemezani, hawapishani njiani. Akimwona anakuja, kijana huingia majanini, akampa mgongo, akangoja apite. Mambo huwa hivyo mpaka wazee waridhike kwamba kijana ametumikia vya kutosha. Hapo wanawake hupika, mama mkwe humpokea mkwe kwa mkono wake mwenyewe, na tangu saa hiyo wanakuwa mama na mwana. Huko ndiko kumwingiza mkwe. Kabla ya siku hiyo, kumtazama usoni ni kosa. Kumwona mwili wake, hilo watu hata hawalitaji.

Kwao Kilwa mambo haya yamelegea. Mama mkwe anaweza kukutuma sokoni na ukamrudishia chenji. Lakini Guylain alikuwa mgeni, na mgeni akishika desturi ya watu huishika kwa meno. Aliposikia tu kikohozi cha Bana Mwiche, maana huyo mama aliitwa hivyo, mama wa Mwiche, na watu wote, alikuwa ameshajitupa kichakani. Mara moja aliingia kwenye upupu akajikuna siku nzima. Mlima wote ulicheka, na mlima wote ukampenda.

Siku yenyewe ilikuwa ya Januari, yenye mawingu mazito. Mzee Kaoma alikuwa ameshuka Mununga mazikoni. Mwiche alichukua kikapu kwenda kutafuta uyoga upande wa pili wa mlima, na kabla hajaondoka alimwambia mumewe waziwazi kwamba atachelewa. Guylain akapanda shamba la juu kulinda mahindi, kwa sababu nyani wa pale hawana haya; wanavunja hindi, wanang'ata mara moja, wanatupa, wanachukua jingine.

Mchana kiu ikamshika, akashuka kijitoni. Pale kijitoni wanawake walikuwa wamechimba vidimbwi vya kulowekea muhogo, kila mtu na chake, na mwanamume mwenye adabu akikaribia hukohoa kwanza. Guylain alikuwa anawaza nyavu zake, kama panya hawajazila. Hakukohoa. Alizunguka matete, kwachu, kwachu, akatokeza.

Bana Mwiche alikuwa amelala ubavu kwenye matope kando ya kidimbwi. Gogo la kuvukia lilikuwa limebingirika, kapu la muhogo limemwagika, na mguu wake mmoja umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Kitenge chake kilikuwa kimekwenda na maji. Alikuwa hana kitu mwilini, na uso wake umeelekea ng'ambo ya pili.

"Mukwai!" aliita kwa adabu ya Kibemba alipozisikia hatua. "Nani eko pale? Ngafweniko! Munisaidie, mbavu zinauma, muguu imevunjika!"

Guylain akafumba macho. Akili ilimruka. Aliona kwa mawazo jinsi habari itakavyoshuka mlima: Mkongomani amemwona mama mkwe wake uchi wa mnyama. Alimwona Mwiche anainamisha kichwa, mzee Kaoma anamfukuza yeye na kifurushi chake. Akarudi nyuma, mguu baada ya mguu, akijaribu kukanyaga kwa ncha za vidole. Gambuti yenye tundu haijui kunyata. Kwachu, ikasema. Kwachu.

"Mukwai?" mama akaita tena, sauti imepungua. "Mukwai?"

Alikimbia mpaka kibandani kwake kwenye mahindi, akakaa. Mpaka hapo mimi mwenyewe simlaumu sana. Mtu akishtuka hukimbia, na desturi ilimwambia akimbie. Alijiambia Mwiche atakwenda kuteka maji sasa hivi, atamkuta mama yake, mambo yatakwisha. Ndipo akakumbuka kwamba Mwiche yuko kwenye uyoga, tena atachelewa. Alikumbuka wazi kabisa. Nyumba ya jirani, mama Kangwa, ilikuwa bonde la pili tu, unaona moshi wake. Angeweza kushuka na kusema, kimbia kijitoni, kuna mtu anaita. Angeweza hata asiseme ameona nini. Alisimama kwenda, akakaa. Akasimama tena, akawaza maswali atakayoulizwa, akakaa.

Mvua ikaja. Sauti ya mama mkwe ilikuwa inapanda kutoka kijitoni, nyembamba, ikikatika na kurudi. Guylain hakuweza kuivumilia. Akachukua debe bovu na fimbo akaanza kupiga. "Ahoo! Toka! Nyani, toka!" Alipiga debe, akapiga kelele, akazunguka shamba lote katika mvua, akifukuza nyani ambao hawakuwapo, mpaka koo likakauka na asisikie tena kitu kingine chochote.

Mwiche alimkuta mama yake jua linazama. Alikuwa amejiburuta mpaka chini ya mti, amejifunika majani ya muhogo, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi.

Jioni ile majirani walijaa uani. Mama amelazwa ndani, Guylain amesimama nje ukutani, mgongo kwa mlango, kama inavyompasa. Mwiche alitoka na macho mekundu.

"We ulikuwa ku shamba ya juu," alimwambia mumewe. "Haukusikia mama anaita?"

Watu wote waligeuka kumsikiliza. Ukuta ule ulikuwa wa udongo, na nyuma yake tu, hatua moja, ndipo kilipokuwa kitanda cha mgonjwa.

"Sikusikia kitu," alisema Guylain. "Nilikuwa nafukuza nyani."

"Ni kweli," mama Kangwa akadakia, "hata mi nilimusikia. Mchana muzima, mu mvula, anapiga debe. Ule mutoto anatumika, jamani!"

Ndani, mgonjwa aliyekuwa akiugulia alinyamaza. Guylain aliusikia ukimya ule kuliko alivyosikia mlio wowote, na aibu ikampanda kutoka kwenye nyayo, ndani ya zile gambuti zake zenye maji, mpaka kwenye masikio. Hapo ndipo wazo lilipomjia: pale mlimani ni nani mwingine anayelia kwachu?

Kesho yake wanaume walimteremsha mama kwa machela ya miti mpaka zahanati. Guylain hakuruhusiwa kubeba machela. Alifuata nyuma sana, ndani ya majani marefu, na kifurushi cha nguo kichwani, macho chini. Wapita njia walisimama kumtazama. "Angalia Mukongomani," walisema, "anashinda hata watoto yetu kwa heshima." Alitamani nyoka wote aliokuwa akiwaogopa watoke wamuume siku hiyo hiyo.

Mama alirudi na mguu uliofungwa plasta nyeupe mpaka pajani. Alikaa mlangoni mwa nyumba yake, akimenya karanga, akiongea na kila mtu. Guylain alimsikia akicheka na mama Kangwa. Alimsikia akieleza jinsi alivyoanguka: gogo, utelezi, kitenge kwenda na maji, baridi. Kila mama alipofika kwenye hadithi hiyo Guylain aliacha jembe akatega sikio. Mama alieleza yote mpaka mwisho, na hatua alizozisikia hakuzitaja kamwe.

Angezitaja, ingekuwa nafuu. Kukaa hivyo, leo hana hakika kama mama anajua, kesho ana hakika kwamba anajua, kulimla Guylain pole pole. Usingizi ulimpaa.  Alijitupa kwenye kazi kama mtu anayejiadhibu: aliliondoa lile gogo kijitoni akapanga mawe makubwa ya kuvukia, alilima shamba la mama peke yake, alirundika kuni mpaka paa likafichwa. Na watu waliona nini? Waliona mkwe mwema. Kila alichokifanya kwa aibu kilimzalia sifa, na kila sifa ilimchoma upya.

Mara moja alijaribu. Walikuwa wanachambua uyoga, yeye na mkewe.

"Mwiche," alisema, "ile siku ya mama..."

"Niache niseme mbele," Mwiche akamkata, anatabasamu. "Badada ya mama banasema hapa haijaingia mukwe kama we. Mi nilikuwa naogopa, unajua? Nilisema mutu ya ziwa atanipatisha haya. Leo natembea kichwa juu." Akamgeukia. "Ulikuwa unasema nini?"

"Hapana kitu," akasema Guylain, na uyoga uliokuwa mkononi mwake ukavunjika.

Februari ilipokuwa inaisha, mzee Kaoma alimwita. "Ziwa iko karibu kufunguliwa, utatukimbia," alisema. "Na mama yenu hawezi kutembea. Nyumba inataka mukono ya mwanaume, mwenye anaweza kuingia na kutoka. Tumesema tukuingize mbele ya kwenda. Umetumika, mutoto yangu. Hakuna mutu anakataa."

Kijana mwingine angeruka kwa furaha. Guylain alishukuru kwa kupiga makofi kama walivyomfundisha, akaenda nyuma ya zizi, akakaa na mbuzi. Mama mkwe alikuwa hawezi kusema naye kwa sababu ya desturi. Siku ya kuingizwa desturi itaondolewa. Atakuwa na ruhusa ya kumwambia chochote, mbele ya wote, na neno lake la kwanza watu watalinyamazia kimya kulisikiliza.

Siku ikafika. Wanawake walipanda kutoka bondeni na vyungu vichwani wakiimba. Kulikuwa na kuku, kulikuwa na samaki, sombe la karanga, yaani majani ya muhogo, uyoga, ugali mweupe wa muhogo uliokatwa kwa kibuyu. Guylain aliletwa amefunikwa kitenge kichwani, anaongozwa na mama Kangwa, na gambuti zake zikalia uani kwachu kwachu mpaka watoto wakaziigiza na watu wakaangua kicheko. Aliketishwa mkekani. Mama Kangwa akakivuta kitenge.

Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa mama mkwe. Ulikuwa mdogo kuliko alivyoudhania, una mwanya kama wa Mwiche, na mikunjo ya kucheka pembeni mwa macho. Macho yenyewe yalimtazama bila kupepesa. Guylain akainamisha uso.

Mama akamnawisha mikono. Akamega tonge, akachovya, akamlisha. Guylain alimeza kama anayemeza jiwe. Vigelegele vikapigwa.

"Basi," alisema mama Kangwa, "Bana Mwiche, semesha mutoto yako."

Watu wakasogea. Mzee Kaoma alikuwa anatabasamu, Mwiche ameshika mikono kifuani. Guylain alihesabu kwamba yamekwisha, na palepale akaona kwamba sehemu fulani ya moyo wake inataka yaishe.

"Mutoto yangu," alisema Bana Mwiche, "nibebe. Nataka kuona muhogo yangu kule ku mayi."

Watu walicheka sana. "Hata kulya hajamaliza, kazi imeanza!" Mzee Kaoma akapiga paja lake kwa furaha. Guylain alipiga magoti, mama akapanda mgongoni, mguu wa plasta umenyooka pembeni, na wakateremka njia ya kijitoni peke yao, nyimbo zikibaki nyuma. Alikuwa mwepesi mno. Hatua zilisikika peke yazo katika njia ile yote: kwachu, kwachu, kwachu. Kila moja Guylain aliisikia kama mtu anayemtaja jina.

Walipofika kwenye matete mama alimgusa bega.

"Simama. Hapa. Ile siku hatua zilisimama hapa."

Guylain alisimama.  Mama alikuwa mgongoni kwake, uso wake hauonekani, na pumzi yake ilikuwa sikioni.

"Mwiche alikuuliza, ukasema haukusikia. Sasa mi nakuuliza. Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Eeh. Kwanza niliita bila kuwaza ni nani. Ulipokimbia nikajua ni we. Nikasema, Mungu wangu, kitenge imeenda, asinione, aende. Nilikuombea uende, na ukaenda. Hapo haukukosa, ile ni heshima." Mkono wake begani ulikaza. "Kisha nikakungoja. Nikasema, atatuma mutu. Yule ni mukwe muzuri, ameenda kutuma mutu. Mvula ikakuya, nikakusikia kule juu unafukuza nyani. Mutoto yangu, nyani haitoki mu mvula." Sauti ikamtetemeka kidogo tu. "Hata kutuma mutu?"

Guylain alishindwa kujizuia. Alilia. Alilia amesimama, amembeba, bila mkono wa kujifutia, machozi na kamasi vikimshuka mpaka kwenye shati jipya alilonunuliwa kwa ajili ya siku ile. Alisema aliogopa. Alisema aliona haya. Alijisikia akiyasema, na kila neno lilikuwa dogo kama punje.

"Nitaambia batu bote," alisema mwisho. "Tukirudi, nitasema mbele ya bote."

"Na Mwiche atapeleka uso wapi?" mama akauliza. "Hapana. Hii ni ya sisi wawili. Utaibeba, kama unavyonibeba."

Aliangalia muhogo wake, akasema umelainika vizuri, akamwambia geuka. Kwenye kipandio Guylain alimweka juu ya jiwe ili apumzike, akainama, akaanza kuivua ile gambuti ya kulia. Aliivuta kwa hasira, akataka kuitupa kijitoni iende ilikokwenda ile nguo.

"Rudisha," alisema mama.

"Mama, siitaki tena. Sivumilii kuisikia."

"Rudisha mu muguu. Mi niko mulemavu mpaka hii plasta itoke, na pengine hata ikishatoka. Nitakuwa naita." Alimwangalia usoni, mwana wake mpya, na safari hii mikunjo ya pembeni mwa macho haikucheka. "Nikiita, nataka kusikia inakuya."

Guylain akairudisha mguuni. Akampandisha mgongoni, akapanda naye kilima. Watu wa uani waliwasikia kutoka mbali kabla hawajawaona, wakaanza kupiga makofi kufuata hatua zake, na mama Kangwa akapaza sauti kwamba mkwe mwenye heshima anarudi.